Jua Lilipoingia Bwawani Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya samaki waliokuwa wamekataa kukua. Hawakuwa samaki wangu. Walikuwa wa mdogo wangu Mwajuma, aliyeolewa Kabambare, na wa akina mama wenzake ambao yeye mwenyewe aliwashawishi wachimbe bwawa katika bonde walimokuwa wakilima mpunga. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na kila mwaka nafundisha jinsi nguvu ya jua inavyopita kwenye majani, ikaingia kwa wanyama, ikaja kufika kwetu. Basi vakansi, likizo yetu ndefu ya shule, zilipoanza tu, Mwajuma alinipigia simu, na hata salamu hakuimaliza.

"Dada, wewe unafundishaka mambo ya samaki. Kuya uone yetu. Iko vilevile kama siku tuliitia ndani."

"Munaipa nini?"

"Pumba ya mupunga, tukipata. Na maji tunaisafisha kila Jumamosi. Iko maji ya kunywa, dada. Unaona mpaka chini."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba akina mama wamechoka, na kwamba kabla mvua hazijaanza watakutana kuamua kama bwawa likaushwe ili bonde lirudi kuwa shamba. Sokoni watu walikuwa wameanza kumwita Mama Ndagala, kwa jina la wale samaki wadogo wakavu wanaoletwa kutoka Tanganyika. Alilisema jina hilo kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Mwajuma tangu utoto ni mtu wa kuchekesha wengine, na kumsikia hivyo kulinitosha. Nilimuaga mama yetu, naye akanifungia mchele na kuniombea dua mlangoni.

Asubuhi ya safari, Ramazani alinifuata na pikipiki yake. Ni dereva tuliyemzoea nyumbani, mtu mwembamba ambaye huimba njiani bila kujua maneno ya wimbo. Alifunga mkoba wangu juu ya bidoni, lile dumu la petroli, mchele akauweka mbele, nami nikakaa katikati ya mizigo kama mzigo mwingine. Tulipita mitaa ya zamani ya Kasongo, michikichi ikabaki nyuma, na vumbi la kiangazi likatupokea.

Nje ya mji barabara si barabara, ni makubaliano kati ya mashimo. Ramazani aliyajua yote. Baada ya mlima wa kwanza mkubwa injini ilichoka, tukasimama kivulini ili ipoe. Nilisogeza mguu vibaya na bomba la moshi likanigusa kidogo kwenye kifundo, nikaruka. Ramazani alinipaka mafuta ya mawese kutoka kwenye kichupa chake, huku akijizuia kucheka.

"Ramazani," nikamwambia, "petroli yote hii unayoichoma inakwenda wapi?"

"Inatupeleka Kabambare, mwalimu."

"Yote?"

Akalitazama lile bomba. "Hapana. Ingine inakwenda mu moto huu wa bure."

Katika Kiswahili chetu moto ni pikipiki, na moto ni moto, na siku hiyo zote mbili zilikuwa chini yangu. Nikamwambia kwamba mbuzi naye yuko hivyohivyo. Anakula majani kutwa, lakini sehemu kubwa ya nguvu ya majani yale huiteketeza kwa kutembea, kupumua na kuupasha mwili wake joto. Kinachogeuka kuwa nyama ni kidogo sana, pengine kama kikombe kimoja katika kila vikombe kumi, na mara nyingi hakifiki hapo. Chui anayemla mbuzi naye anapoteza vilevile. Ndiyo maana panzi ni wengi porini, na chui unaweza kuzeeka bila kumwona.

Ramazani alifikiri mpaka injini ikapoa. "Basi chui njo mutu wa mwisho kwenye laini," akasema, "na sahani inamufikia karibu tupu."

Sijawahi kupata mwanafunzi aliyelisema vizuri zaidi. Tukaendelea, yeye akiimba.

Adhuhuri tulifika Lusangi. Kijiji kilikuwa na pilikapilika: vijana wenye koleo na mabeseni wakielekea upande wa machimbo ya Salamabila, na pikipiki zilizobebeshwa sabuni, sukari na magodoro. Tulikula kwa mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani. Alituletea bukari, yaani ugali wa muhogo, mlima wa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, unaong'aa kwa mawese, na kipande kimoja cha nyama kwa kila mtu, kidogo kama kisanduku cha kiberiti.

"Mama," nikamuuliza, "mbona sombe iko mingi hivi na nyama inajificha?"

"Muhogo inasimama pale nyuma ya nyumba, mwanangu. Nyama inakimbia."

Watu wote waliokaa pale walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini njia nzima baada ya pale niliendelea kulitafuna jibu lake. Muhogo unasimama na kulipokea jua palepale ulipo. Nyama inakimbia, na kukimbia kwenyewe ndiko kunakoila nguvu.

Kutoka Lusangi nchi inafunguka. Nyasi zilikuwa zimekauka, mahali pengine zimechomwa, na korongo weupe walikuwa wakitembea juu ya majivu wakiokota wadudu waliokosa pa kujificha. Kwenye daraja la magogo nilishuka nikavuka kwa miguu, nikimwacha Ramazani apite na pikipiki na maombi yake. Jua lilipoanza kulegea tukaziona nyumba za kwanza za Kabambare, na mbele ya moja yao mwanamume mkubwa akitupungia mikono yote miwili kama mtu anayeongoza ndege kutua. Huyo alikuwa shemeji yangu Asani, mume wa Mwajuma, mwenye kiduka cha chumvi na sabuni.

"Shemeji, karibu. Umekuya kutuponyesha samaki, njo vile?"

"Nimekuya kuiona kwanza."

"Kuiona utaiona. Maji iko kama kioo," akasema, na Mwajuma akatoka ndani akanikumbatia.

Kesho yake asubuhi tulishuka bondeni. Sikuwa nimeamini maneno ya simu mpaka nilipoona kwa macho yangu. Bwawa lilikuwa zuri, lenye kingo zilizonyooka na kupigwa kwa jembe mpaka zikang'aa, limekaa chini ya kivuli cha mianzi mirefu. Maji yalikuwa meupe kabisa. Chini niliona mawe, nikaona majani yaliyooza, na nikaona tilapia wenye vichwa vikubwa na miili myembamba wakizunguka polepole, kama watu waliofika kwenye karamu wakakuta sufuria zimeoshwa.

Akina mama wa kikundi walikuwa wamekusanyika. Mbele yao alisimama mwanamke wa makamo, mrefu, mikono ameifunga kifuani. Mwajuma alinitambulisha kwake kwa heshima. Huyu ndiye Mama Riziki, mkulima kutoka familia ya Wabangubangu iliyolima bonde lile tangu zamani. Yeye ndiye aliyetaka mpunga urudi.

"Kila Jumamosi tunaingia na vikapu," akaniambia. "Tunatoa ile kijani yote inayoelea. Hatuna buvivu, mwalimu. Lakini samaki haioni kazi yetu."

Si rahisi kuwaambia watu waliofanya kazi kwa bidii kwamba bidii yenyewe ndiyo ugonjwa.

"Mama, ile kijani njo chakula chao."

Mama Riziki akasema taratibu, "Mu nyumba yako, ukiona kijani ndani ya mutungi wa maji, unaiacha?"

"Naimwaga. Lakini mimi si tilapia."

Mama mmoja nyuma alishindwa kujizuia, kicheko kikatoka, na wengine wakamfuata. Mama Riziki hakucheka, ila mikono yake ilishuka kutoka kifuani.

Tukakaa ukingoni, nikaeleza kama nilivyojua. Ile rangi ya kijani ni mimea midogo mno, kila mmoja mdogo kuliko tundu la sindano. Mimea hiyo hushika jua kama jani la muhogo linavyolishika. Vidudu vya majini huila, tilapia naye huila pamoja na vidudu hivyo, na sisi tunamla tilapia. Kivuli kikizuia jua, hakuna wa kulishika. Jua likiingia lakini kijani kikatolewa kila Jumamosi, ni kama kung'oa mpunga ungali mchanga halafu kushangaa ghala tupu. Pumba peke yake, tena ya kubahatisha, haiwezi kulisha bwawa zima.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa tunatupa chakula," akasema Mwajuma, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

"Mulikuwa munasafisha," nikamwambia. "Hakuna aliyewaambia kwamba samaki anaishi ndani ya sahani yake."

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha. Tulikata mianzi ya upande jua linakochomoza, na mwanga ukaanguka juu ya maji kwa mara ya kwanza, mpaka sote tukakaa kidogo kuutazama. Katika kona moja tulisimika vijiti, tukajaza ndani majani mabichi na samadi ya mbuzi kidogo, ili ioze taratibu na kuirutubisha ile mimea. Kisha tukangoja. Niliwaonyesha kupima kwa mkono: ingiza mkono mpaka kiwiko, ukiviona vidole vyako vyote vizuri, maji bado yana njaa. Kila jioni akina mama walipita kuzamisha mikono. Mwanzoni vidole vilionekana vyote. Halafu vikaanza kuwa na ukungu. Halafu jioni moja mama mmoja akatoa mkono wake majini akasema kwa upole, kama mtu anayetangaza mtoto kuzaliwa, "Yangu imepotea."

Maji yalikuwa ya kijani. Tilapia walikuwa wakipinduka pale juu, wakiacha viduara. Asani alirudi nyumbani akipiga makofi njia nzima.

Kulipopambazuka kesho yake, Mwajuma alinishika bega. "Dada, amuka. Samaki iko inakufa."

Tulikimbia. Juu ya maji vichwa vilikuwa vimejaa kutoka ukingo hadi ukingo, vinywa wazi, vikivuta hewa. Wachache walikuwa wamelala ubavu. Nikaona kile kizuizi cha vijiti kimejaa samadi mpaka kumwagika, na samadi nyingine ikielea kote. Niligeuka nikamtazama Asani. Aliyaangusha macho yake kwenye miguu yake mikubwa.

"Niliona imefanya kazi," akasema. "Nikaona, kama kidogo inalisha, mingi itanenepesha. Jana jioni nilileta ya jirani yote."

Hapakuwa na nafasi ya kumlaumu. Samadi inapooza hula hewa iliyo ndani ya maji, na ile mimea ya kijani, ambayo mchana hutoa hewa, usiku nayo huivuta. Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Tulihitaji maji mapya upesi. Lakini kiangazi kilikuwa kimekifanya kijito kuwa uzi, na uzi wenyewe ulikuwa umeelekezwa wote kwenye mfereji wa bustani ya lengalenga, mchicha wetu, juu kidogo ya bwawa. Bustani ilikuwa ya Mama Riziki. Miche ilikuwa imeota wiki hiyohiyo.

Nilimwona akija na jembe begani, kama kila asubuhi. Akasimama. Aliwatazama samaki, akamtazama Mwajuma aliyekuwa ndani ya maji mpaka kiunoni akiyapigapiga kwa beseni ili yachanganyike na hewa. Moyo wangu uliniambia: huyu amepata alichokitaka, akae tu kidogo na bwawa litakuwa shamba.

"Maji ya kijito itawasaidia?" akaniuliza.

"Itawasaidia. Lakini inatoka kwako, mama."

"Najua inatoka wapi."

Alipanda mpaka kwenye mfereji wake, akanyanyua jembe, akaubomoa ukingo kwa mapigo machache. Maji yaligeuka, yakashuka yakiwa na udongo mwekundu, yakaingia bwawani kwa kelele. Kisha akavua viatu, akaingia, akachukua sufuria kwa mama mwingine na kuanza kupiga maji kando ya Mwajuma. Tuliingia wote. Asani alikuwa akiitoa samadi kwa vikapu, jasho likimtiririka. Jua lilipopanda juu ya visiki vya mianzi, ile kijani ikaanza tena kazi yake ya mchana, na vichwa vikaanza kuzama kimoja kimoja, kila samaki akirudi chini kwake. Baadhi yao walikufa. Wengi waliishi.

Sehemu kubwa ya lengalenga ilinyauka. Mama Riziki hakuitaja.

Siku ya mkutano tulikaa palepale ukingoni. Mwajuma alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Kabla ya maneno, Mama Riziki aliomba samaki mmoja avuliwe. Akampasua mwenyewe kwa kisu. Utumbo wa tilapia ni mrefu ajabu, umejikunja kama kamba ndani ya ndoo, na ule ulikuwa umejaa kijani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akauonyesha kwa kila mtu, mmoja mmoja.

Tulimchoma yule samaki tukagawana. Ilikuwa kichekesho, maana kila mmoja alipata kipande cha kuweka juu ya ukucha. "Bwawa zima la kijani," akasema mama mmoja akilamba kidole, "na mimi nimepata hii."

Ndipo Mama Riziki akasimama.

"Munajua mimi nilitaka mupunga," akasema. "Hata leo mupunga naupenda. Lakini maji yangu imeingia humu, na lengalenga yangu imeingia humu. Nikilikausha, nitakuwa nimejiibia mwenyewe. Samaki ibakie. Na maji ya zamani, ile yenye mbolea, tukiipunguza, ishukie kwenye bustani mupya nitakayolima chini. Asani haruhusiwi kugusa samadi."

Walikubali wote kwa kicheko, na Asani akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mwajuma alilia akicheka. Tangu siku ile nimesikia kwamba sokoni bado wanamwita Mama Ndagala, ila sasa yeye mwenyewe huitika.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Ramazani alikuja kunichukua, akabeba kuku niliyezawadiwa na mihogo ya kumpelekea mama yetu. Njiani aliponiuliza nawaza nini, nikamwambia nilikuwa nahesabu vitu vinavyorudi na visivyorudi. Samadi hurudi: mbuzi huulisha udongo, udongo hulilisha jani, jani humlisha mbuzi mwingine. Maji ya Mama Riziki yatarudi bustanini. Lakini ile nguvu ya jua hairudi. Ikishapita kwenye jani, kwenye kidudu, kwenye samaki na kwenye mkono uliokamata jembe, imekwisha kuwa joto na imekwenda zake. Kila asubuhi lazima ije mpya.

"Basi tumushukuru Mungu inakuya," akasema Ramazani, akakanyaga gia.

Shule ilipofunguliwa nilifika kwenye somo lilelile. Kwa miaka nimechora mlolongo wa chakula ubaoni kwa mishale inayolingana: jua, jani, mnyama, mtu. Mara hii mshale wa jua niliuchora mpana kama mlango, unaofuata nikaupunguza, na wa mwisho, ule unaomfikia mtu, nikauchora mwembamba kama unywele. Msichana mmoja akauliza, "Madamu, sasa sisi tunaishi namna gani na kidogo vile?" Nikamjibu kile nilichojifunza Kabambare: tunaishi kwa sababu chini yetu kuna vingi vinavyolishika jua bila sisi kuviona, na kwa sababu ya watu wanaokubali maji yao yapite kwa jirani.

Mvua zilipoanza Mwajuma alipiga simu. Safari hii alisalimu kwa kirefu, akauliza habari za kila mtu hadi za kuku. Mwishowe akaniambia kwamba kuna ndege wa bluu mwenye mdomo mrefu, ambaye hajawahi kuonekana bondeni, sasa anakaa kila asubuhi juu ya kisiki cha mwanzi na kujitosa majini. Akina mama wengine wanataka kumfukuza.

"Na Mama Riziki anasema nini?"

"Anasema tumuache ale yake moja. Anasema ndege haina kazi kwenye bwawa bila samaki."